Ubao wa matangazo, Cheche na Mzee Punch

Najua nimepotea wiki tatu nzima, msinilaumu, ni msimu wa majaribio na boom lenyewe ndiyo hivyo tena, tunakula maharage kwa imani. Lakini leo lazima niandike kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu.

Mshkaji wangu wa chumbani aliandika karatasi moja kuhusu maji ya hosteli. Karatasi moja tu, tena kwa adabu zote, "kwa heshima na taadhima" na nini. Chini kaweka jina lake kamili na namba ya usajili, kaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini. Saa nne asubuhi watu wamejaa wanasoma, saa nane haipo, saa kumi kaitwa ofisini. Kaambiwa kila kinachobandikwa sharti kiwe na mhuri, na kwamba "kuna njia sahihi za kufikisha malalamiko". Karudi chumbani kimya, kavua viatu, kalala na suruali.

Sasa upande wa pili. Kwenye kundi letu la WhatsApp la kozi kuna namba isiyojulikana ambayo tangu mwanzo wa muhula inarusha picha za wasichana wa darasani na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nani katoka na nani, nani kapewa maksi kwa nini. Watu wanaweka vikatuni vya kucheka. Dada mmoja wa darasa letu hajaonekana kipindini wiki ya pili sasa. Hakuna aliyeitwa ofisini. Hakuna aliyeulizia mhuri.

Usiku ule mshkaji akaniambia anaandika barua ya pili na anataka majina kumi chini yake. Nitaweka langu? Nikamwambia nipe mpaka Ijumaa. Halafu, kama kawaida yangu ya kukimbia maamuzi, nikaenda maktaba, teh teh. Nilitaka kujua hii habari ya mwanafunzi kuandika na kuitwa ofisini imetoka wapi hapa nchini.

Kitabu cha kwanza kuangukia mikononi mwangu kilikuwa cha Karim Hirji, kumbukumbu za jarida la Cheche, kilichotolewa na Mkuki na Nyota kama miaka 40 baada ya jarida lenyewe kufungwa. Jamani, tafuteni kile kitabu. Mimi nilidhani wanafunzi wa zamani walikuwa wanavaa suruali pana na kuimba nyimbo za TANU basi.

Habari yenyewe iko hivi. Novemba 1967, pale Chuo Kikuu Mlimani, kulianzishwa chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, kifupi chake USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda anaitwa Yoweri Museveni. Ndiyo, huyohuyo. Miaka miwili baadaye, Novemba 1969, likatoka toleo la kwanza la Cheche, wahariri wakiwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye sana akaja kuwa Waziri wa Fedha. Jina walilichukua kutoka kwenye gazeti la kina Lenin, Iskra, na lile la kina Nkrumah, Spark, yote maana yake ni cheche. Ndani lakini mambo karibu yote ni Kiingereza. Hapo nao nawalaumu kidogo, unatangaza mapinduzi ya wakulima kwa lugha ambayo mkulima haisomi.

Kwa sisi tuliokua na simu mkononi, ngoja nieleze jarida lilivyokuwa linatengenezwa, maana mimi hapo ndipo niliwavulia kofia. Unachukua karatasi ya stensili yenye nta, unaiingiza kwenye taipureta, herufi zinaichoma nta. Ukikosea unapaka dawa, unasubiri ikauke, unapiga tena juu yake. Ile stensili inavikwa kwenye ngoma ya mashine yenye wino, unazungusha, karatasi zinatoka mojamoja. Kisha kurasa zinapangwa mafungumafungu mezani, watu wanaizunguka meza wakiokota ukurasa baada ya ukurasa, mwisho stepla. Hawakutaka matangazo ya biashara wala pesa za mfadhili. Ukifanya kazi ya namna hiyo kwa usiku kadhaa huwezi kuandika upuuzi, angalau si upuuzi wa kukusudia. Na majina yao yalikuwa pale, yamechapwa.

Toleo la kwanza lilikuwa na makala ya Walter Rodney, mhadhiri wa historia aliyezuiwa kurudi Jamaika mwaka 1968 na kuja zake Dar. Na hapa kuna kisa kimoja kizuri. Desemba ileile ya 1969 Rodney alitoa maneno makali kwenye semina ya vijana kuhusu serikali za Afrika na mapinduzi. Gazeti la TANU la Kiingereza, The Nationalist, ambalo mhariri wake wakati ule alikuwa Benjamin Mkapa, likamjibu kwa tahariri kali ambayo kichwa chake mimi nakitafsiri "porojo za kimapinduzi". Rodney akaandika barua kulijibu gazeti, na gazeti likaichapa barua yake. Akaendelea kufundisha Mlimani mpaka 1974. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili. Karibwa, kajibu, maisha yakaendelea. Kumbe inawezekana!

Lakini bwana, haikudumu. Septemba 1970 Cheche likatoa toleo maalumu lenye makala moja ndefu ya Issa Shivji, kijana wa miaka 24 aliyekuwa ndiyo kwanza kamaliza sheria. Hoja yake kwa kifupi: Azimio la Arusha limetaifisha mabenki na makampuni, sawa, lakini nani anayaendesha? Maofisa wa serikali na mikataba ya uendeshaji na makampuni yaleyale ya nje. Kwa hiyo mapambano ya kitabaka yapo, ila yanakwenda kimyakimya. Kusema hivyo mwaka 1970, miaka mitatu tu baada ya Azimio, ni kumwambia mwenye nyumba mpya kwamba msingi una ufa mbele ya wageni wake.

Novemba 1970 Cheche likapigwa marufuku na USARF ikavunjwa. Sababu waliyopewa ni kwamba Tanzania haihitaji itikadi ya kuazima, jina lenyewe linaleta picha kwamba tunajenga ujamaa wa Kirusi, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha. Wakatoa tamko la kuaga, wakasaini, wakafunga. Januari 1971 likaanza jarida lingine, MajiMaji, chini ya Umoja wa Vijana, na baadhi yao wakaendelea kuandika humo. Makala ya Shivji ikatoka kama kitabu mwaka 1973, hapahapa Dar. Marufuku ile ilikuwa ya ajabu kidogo: mtu unamnyang'anya gazeti halafu kitabu chake unakiacha dukani.

Sasa msije mkadhani nawafanya malaika. Novemba 1968 haohao kina USARF waliizuia sherehe ya wanafunzi wenzao iliyoitwa Rag Day, ambapo wanafunzi walivaa matambara na kupita mjini kuchangisha fedha za maskini. Wao waliona ni dharau kwa maskini, msomi kuvaa matambara kwa mchezo. Wakaizuia njia, matairi ya magari yakatolewa upepo. Kwa hoja yao nipo nao asilimia mia. Kwa matairi, hapana. Kama walikuwa na haki ya kusema kwamba matambara ni matusi, basi na wale wengine walikuwa na haki ya kuonekana wajinga barabarani. Nilimwambia mshkaji, akasema mimi ni mtu wa katikati kama daraja. Sijui kama ni sifa au tusi.

Turudi nyuma kidogo kwa sababu Cheche halikuota hewani. Chuo kile kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi hawafiki hata 15. Chuo kimezaliwa sebuleni kwa chama, wadau, hilo mliweke akilini. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Na miaka miwili tu baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wakaandamana mpaka Ikulu, wengine wamevaa majoho yao ya chuo.

Walikuwa wanapinga nini? Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Sheria mpya ilitaka wahitimu watumikie miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wafanye kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Wakasema ninyi wakubwa mnakula minono halafu sisi ndio tufunge mikanda. Wakamsomea Rais tamko kwamba hata wakilazimishwa, miili itakwenda lakini mioyo itabaki nje. Na mabango. Bango moja lilisema afadhali enzi za ukoloni.

Hebu fikiria. Uhuru una miaka mitano hata haijatimia. Unamwonyesha Mwalimu Nyerere, uwanjani kwake, bango la namna hiyo. Mwalimu alikasirika, na alichofanya hakuna aliyekitarajia. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaukata wake mwenyewe kwa asilimia 20 palepale. Halafu akawaambia hamtaki, basi nendeni nyumbani. Wanafunzi 393 wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Wengi walipokewa tena mwaka 1967, na katikati ya hayo yote, Februari 1967, Azimio la Arusha likatoka likiwabana viongozi kwenye mambo ya mali na mishahara.

Kwa hiyo hoja ya mishahara ilipita, waliyoileta wakatimuliwa. Mimi hili limenisumbua sana. Wazee wetu wengi ukiwauliza habari za 1966 watakwambia wale vijana walikuwa wachoyo, na kweli walikuwa wanatetea matumbo yao. Lakini uhuru wa kusema wa mtu mwenye hoja nzuri na mavazi nadhifu kila mtu anaupenda. Kazi ipo kwa mwenye bango baya.

Halafu angalia 1978. Machi mwaka huo wanafunzi wa Mlimani wanaandamana tena, safari hii si kwa ajili ya matumbo yao. Wanapinga marupurupu mapya ya wabunge na mawaziri, wanasema yanakwenda kinyume na Azimio. Yaani wanatumia maneno ya Mwalimu mwenyewe! Polisi wakawazuia, na zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa chuo, akiwemo mtoto wa Rais. Chama chao, DUSO, kikafutwa, ikaja MUWATA chini ya mwavuli wa chama tawala. Mwaka 1966 walikuwa na hoja mbaya wakafukuzwa, 1978 wana hoja nzuri wakafukuzwa vilevile. Anayesema kwamba shida ilikuwa ni hoja zenyewe aje anieleze, nitamnunulia soda.

Katikati hapo kuna Akivaga. Symonds Akivaga, Mkenya, rais wa DUSO. Julai 1971 alimwandikia barua ya wazi Makamu wa Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, ambaye kabla ya kuja chuoni alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Barua ya wazi, jina chini. Wakaingia FFU wenye silaha, wakamchukua, akasafirishwa mpaka Kenya. Wanafunzi wakagomea masomo. Barua tu, jamani.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari nina hasira za kutosha kwenda kusaini kila kitu. Ningefunga vitabu nikaondoka. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilikuwa kinajirudia kwenye kurasa za miaka ya themanini, jina la mzee mmoja ambaye hakuwahi kuwepo.

Mzee Punch. Kaka zetu waliosoma Mlimani wanamjua. Hakuwa mtu, yalikuwa makaratasi. Usiku watu wasiojulikana wanabandika ukutani michoro na maandishi, asubuhi chuo kizima kinasoma. Ilikuwa kejeli, kuwasuta wakubwa na wanafunzi waliojifanya. Na ukisimuliwa na waliokuwepo wanacheka mpaka leo, kwa sababu kejeli ina raha yake pale ambapo kusema wazi kunakupeleka nyumbani kwa basi. Ila kadiri siku zilivyokwenda aliyesutwa zaidi akawa msichana. Anachorwa uchi, anaandikwa matusi, na "akishapigwa punch" wenzake wanatakiwa kumtenga. Aliyemkataa mvulana fulani anaweza kuamka akajikuta ukutani. Na hakuna wa kumuuliza, maana mzee hana jina, hana chumba, hana namba ya usajili.

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa akiandamwa namna hiyo alijiua. Jina lake lilikuwa kwenye magazeti yote, mimi sitaliandika, ameandikwa vya kutosha. Waandishi wa habari wanawake wa TAMWA walilisimamia suala lake mpaka likawa la taifa. Ndipo Mzee Punch akapigwa marufuku.

Nilipiga hesabu pale mezani. Cheche, lenye majina ya wahariri, liliishi mwaka mmoja. Akivaga, mwenye jina chini ya barua, alipelekwa uwanja wa ndege. DUSO, yenye ofisi na viongozi wa kuchaguliwa, ilifutwa kwa siku chache. Mzee Punch alibandikwa mwaka baada ya mwaka, na kilichomwondoa ni maiti. Sisemi kwamba kufungwa kwa Cheche ndiko kulikomzaa Punch, historia haiendi kama hesabu za kujumlisha. Nasema tu mkono uliokuwa mwepesi kwa wenye majina ulikuwa mzito sana kwa asiye na jina, na nadhani sababu ni kwamba asiye na jina mwishowe alikuwa anawaumiza wanafunzi wenzake, siyo wakubwa.

Na mwaka huohuo wa 1990, Aprili, wahadhiri wa vyuo vya Tanzania walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa wasomi na wajibu wao kwa jamii. Novemba likafuata la Kampala, la wasomi wa Afrika. Maandishi mazuri, yamepangwa vifungu kwa vifungu. Katikati yake, Mei, serikali ikakifunga chuo cha Mlimani kwa sababu ya mgomo. Na Desemba, Makerere, polisi wakawapiga risasi wanafunzi wakaua wawili, rais wa nchi akiwa ni yule mwenyekiti wa USARF. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Msidhani ni mambo ya kale tu. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO waliosaini tamko la kuipa bodi ya mikopo saa 72 walisimamishwa na chuo. Walidai boom la wenzao, wakaweka majina. Mnaona mwendo ni uleule.

Ukiwahi kushika ile noti ya zamani ya shilingi 500, nyuma yake kuna jengo la Nkrumah Hall. Nilikuwa nayo moja nimeihifadhi kwenye daftari la kidato cha sita. Jana nimeitoa nikaibandika ukutani juu ya kitanda, bila mhuri, kwi kwi kwi.

Haya, sasa yaliyotokea leo Alhamisi. Barua ya pili ya mshkaji imeshakamilika. Maji, vyoo, taa za njia ya hosteli. Majina saba tayari. Nimemwambia nitaweka langu lakini naomba tuongeze aya moja kuhusu ile namba ya WhatsApp na yule dada ambaye haji darasani. Akanitazama kama nimemwambia auze figo. Akasema kaka, hiyo ni barua ya maji, ukichanganya mambo hawatajibu hata moja. Nikamuuliza ni kwa sababu hiyo kweli? Akanyamaza kidogo, halafu akasema wawili kati ya wale saba ndio wanaocheka zaidi kwenye lile kundi, tukiweka hiyo aya wanajitoa, na bila majina kumi ofisini watasema ni wakorofi wachache.

Tumebishana mpaka umeme ukakatika. Yeye hana ubaya, nataka mjue hivyo, na ndiye aliyeitwa ofisini, siyo mimi. Mimi mpaka leo sijawahi kuweka jina langu chini ya kitu chochote zaidi ya fomu ya mkopo.

Nimeiandika ile aya kwa mkono kwa mwanga wa simu. Ni sentensi nne. Nimemwandikia pia yule dada meseji kumuuliza kama anaona ni sawa tuitaje habari yake bila jina lake, maana bila ridhaa yake na mimi nitakuwa Mzee Punch mwenye nia njema. Tiki zimeshakuwa mbili za bluu, bado hajajibu. Mshkaji amelala, karatasi iko chini ya kikombe chake, barua inapelekwa kesho saa mbili asubuhi.

Chaji imebaki asilimia nne. Nitawaambia.